Mafundi wa Mishale wa Tunduma

Mshale wa temperecha ukipanda kwenye dashibodi ya lori, mambo mawili yanaweza kuwa kweli. Ama injini imechemka, ama injini ni nzima na mshale ndio unaosema uongo. Dereva aliye mlimani na tani thelathini nyuma yake hana namna nyepesi ya kujua lipi ni lipi. Pale Tunduma, mpakani na Zambia, wapo watu ambao kazi yao ni kuyatenganisha mambo hayo mawili, na kadiri ninavyowatazama ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba hakuna mafundi wenye subira kuwazidi kwenye barabara yote ile ya kuelekea Zambia.

Watu huwaita mafundi umeme, basi. Wengi wao hawana jengo. Utawakuta kandokando ya foleni ya malori, kuanzia Mpemba hadi karibu na mpaka, wakiwa na begi la vifaa, mita ya kupimia, pasi ya kulehemu na msasa uliokunjwa mfukoni. Foleni ndiyo iliyowalea. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019, na gari sasa hukaguliwa upande mmoja badala ya pande mbili, lakini malori ya mafuta, mbolea na salfa yanayokwenda Zambia na Kongo, pamoja na yale yanayorudi na shaba kuelekea bandari ya Dar es Salaam, bado husubiri nyaraka zao. Gari lililosimama, injini imepoa na dereva hana pa kwenda, ndilo gari linaloweza kupimwa vizuri. Tena ukishavuka Nakonde miji imeachana mno: Isoka, Chinsali, halafu Mpika. Dereva anayeijua njia hiyo hapendi kuvuka huku taa nyekundu asiyoielewa ikimwakia usoni.

Ufundi huu una historia yake kwenye barabara hiyohiyo. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru, Zambia ilijikuta njia yake ya kusini imebanwa, na mafuta yake yakaanza kubebwa kwa malori kutoka Dar es Salaam kwenye barabara ya vumbi na matope. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, na malori yake yalikuwa Fiat kutoka Italia. Katika malori ya kizazi kile geji ilikuwa chombo cha kimakenika. Ya oili ilipokea presha kwa mrija mwembamba uliotoka kwenye injini hadi nyuma ya dashibodi. Ndani ya geji mna bomba dogo la shaba lililopinda, uvumbuzi wa Mfaransa Eugène Bourdon wa mwaka 1849. Presha ikiongezeka, bomba lile hutaka kujinyoosha, kama mpira wa kumwagilia bustani unavyofanya mtu akifungua koki ghafla, na kule kujinyoosha ndiko kunakousukuma mshale. Geji ile ikiharibika, mara nyingi fundi aliuona ugonjwa kwa macho: oili ilimdondokea dereva gotini.

Leo presha haifiki dashibodini. Inaishia kwenye sensa, sensa inaigeuza kuwa umeme, na umeme unasafiri kwenye nyaya, soketi, fyuzi na pengine kompyuta mbili tatu kabla mshale haujasogea. Kila kituo njiani kinaweza kupotosha habari, na hapo ndipo kazi ya watu hawa ilipopanuka.

Chukua temperecha kwenye gari la zamani kidogo, ambalo sensa yake inazungumza na geji moja kwa moja. Sensa ni kitu kidogo cha shaba kilichofungwa kwenye injini, na ndani yake mna kipande ambacho ukinzani wake hupungua joto linapozidi. Fundi mzuri hafungui chochote kwanza. Anawasha swichi, anachomoa waya kwenye sensa, na mshale unapaswa kulala upande wa baridi. Kisha anaugusisha waya huo kwenye chuma cha injini kwa sekunde moja au mbili, na mshale unapaswa kukimbilia upande wa moto. Ukitii mara zote mbili, geji ni nzima na waya ni mzima. Kilichobaki ni sensa, au injini yenyewe. Dakika tatu, bila kununua kitu, na nusu ya mashaka imeondoka. Nawaheshimu sana kwa sababu hiyo, maana yuko pia fundi wa aina nyingine, ambaye neno lake la kwanza ni "lete sensa mpya".

Sehemu inayonivutia kuliko zote ni pale mshale unaposhuka wakati ungepaswa kupanda. Lori linapanda mlima wa Kitonga, mshale unapanda nao, kisha ghafla unarudi chini, na dereva anashusha pumzi. Kumbe maji yamekwisha. Sensa imetengenezwa ipime joto la maji, na maji yakiondoka inabaki ikining'inia kwenye hewa na mvuke ambavyo haviipatii joto sawasawa. Injini inaungua huku mshale ukionyesha nafuu. Kwa hiyo fundi wa Tunduma akisikia "ulipanda, halafu ukashuka wenyewe", haanzi na geji wala waya. Anasubiri injini ipoe, anafungua kifuniko cha rejeta taratibu, anatazama maji. Ujuzi huo hauko kwenye mita yoyote. Uko katika kumsikiliza dereva hadi mwisho wa sentensi.

Na maswali yao ni mazuri. "Dereva, mishale inacheza mmoja au yote?" Jibu likiwa ni yote, mawazo yanahama papo hapo, kwa sababu geji nne haziugui siku moja. Hapo kinachoshukiwa ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia chasisi. Fundi anawasha taa zote ili umeme mwingi upite, ncha moja ya mita anaiweka kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye ethi ya dashibodi. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, kuna kizuizi njiani. Kisha linafuata zoezi la kutambaa: nyuma ya dashibodi, chini ya kabini, kufuata waya mnene hadi kwenye bolti iliyopakwa rangi juu ya kutu. Anakwangua kwa msasa hadi chuma king'ae, anakaza, anapaka grisi. Hakuna kipuri kilichonunuliwa, na mishale yote imetulia.

Ziko pia hitilafu zinazoletwa na mikono yetu. Lori kubwa hutumia volti 24, betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa. Redio na chaja ni za volti 12, kwa hiyo mtu anavuta waya kutoka kwenye betri moja tu. Miezi inapita, betri moja imechoka na nyingine inajazwa kupita kiasi, na kila kompyuta ndani ya gari inaanza kulalamika kwa lugha yake. Au mtu anachomelea chuma cha chasisi kwa umeme bila kuchomoa betri. Mkondo ule mkubwa hutafuta njia yoyote ya kurudi, na njia hiyo ikipita kwenye kompyuta, jioni dashibodi haiwaki. Natamani kila banda la kuchomelea kuanzia Igawa hadi Tunduma lingeandika ukutani: chomoa betri kwanza.

Kwenye Scania, Volvo, Actros na Howo za miaka ya karibuni, sensa haina tena waya wake binafsi hadi kwenye mshale. Habari zote hupita kwenye nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Kila mwisho wa nyaya hizo una kizuizi cha omu 120. Fundi anazima umeme wote, anapima kati ya waya na waya, na anatarajia omu 60, kwa kuwa vizuizi viwili vilivyo sambamba hugawana. Akikuta 120, upande mmoja umekatika au kizuizi kimoja hakipo. Akikuta karibu na sifuri, nyaya zimegusana mahali. Namba moja tu inampa ramani. Baada ya hapo anafuata soketi moja moja, hasa zile zilizopigwa maji ya presha wakati wa kuosha gari, akitafuta pini zilizoota kutu ya kijani. Mwendo pia una mzunguko wake: katika malori mengi yaliyotoka Ulaya, habari za spidi kutoka kwenye giaboksi hupitia kwanza kwenye takografu. Dereva anaona mshale wa spidi umekufa. Fundi anayejua anatazama kwanza takografu aliyoisahau kila mtu.

Mishale ya siku hizi ina mota ndogo nyuma yake, ndiyo maana swichi ikiwashwa huenda hadi mwisho na kurudi. Mmoja ukikwama wakati wenzake wanazunguka, kosa limo ndani ya dashibodi yenyewe, na hapo ndipo pasi ya kulehemu inapotoka. Dashibodi inalazwa kwenye kitambaa safi juu ya kiti, kioo kinavuliwa, na fundi anainamia nukta za lehemu zilizopasuka nyufa nyembamba kama unywele kwa sababu ya mitikisiko ya miaka. Anagusa kila moja kwa kiasi, kwani joto likizidi njia ya shaba kwenye bodi hubanduka. Vumbi la foleni linapeperuka nje, na mlango wa kabini umefungwa kwa sababu hiyo.

Lakini mtihani wao mkubwa ni geji ya upepo. Breki za lori hutegemea hewa iliyobanwa, mizunguko miwili, kwa kawaida bar 8 hadi 10, na presha ikishuka hadi karibu na bar 5 buza hulia. Mtu anayekwenda kuteremka mlima wa Senjele au wa Mbalizi lazima aiamini geji hiyo. Kwa hiyo fundi haiamini mpaka aipime: anachukua geji ya mkononi, anaifunga kwenye sehemu ya kupimia ya mfumo wa hewa, na kulinganisha na dashibodi. Geji hiyo ya mkononi ndani yake mna bomba lilelile la Bourdon. Chombo cha 1849 bado ndicho hakimu wa kompyuta. Zikitofautiana, tatizo ni la umeme. Zikikubaliana kwamba presha iko chini, fundi umeme anaweka mita yake begini na kumwambia dereva amwite fundi wa breki, na asiondoke kabla hajafika.

Yapo maombi wanayoyakataa, na nimeyasikia: zima hiyo taa tu, kata waya wa hiyo buza, nipe dashibodi isiyo na nyekundu nivuke. Wapo wanaokubali. Anayekataa hupoteza mteja huyo, maana fundi mwingine yuko hatua ishirini mbele.

Hapo ndipo malipo yanaponikera. Kwa desturi fundi hulipwa kwa kilichobadilishwa. Aliyefunga sensa mpya isiyohitajika anapata pesa ya sensa na ya mkono. Aliyetumia saa mbili kugundua bolti yenye kutu anapewa ya soda. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina mpango wa kuurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya vyuo, na cheti kinamsaidia fundi kusikilizwa na kampuni kubwa. Wamiliki wa malori nao wangeweza kuanza kesho, bila kungoja mtu: waweke kwenye posho ya safari fungu la kupima, lilipwe hata pale jibu linapokuwa kwamba hakuna kipuri kinachohitajika.