Kiwanja cha Linda May

Filamu ya Nomadland ina kasoro moja ambayo tuzo zake zote haziwezi kuifunika: imemtoa Linda May katikati ya hadithi na kumweka pembeni. Mtazamaji wa New York huenda asilione hilo kuwa jambo kubwa. Mimi niliitazama hapa Majimoto, bonde la Rukwa, nikiwa na mzee wa miaka 62 anayetaka kununua Noah iliyotumika, ang'oe viti vya nyuma, atandike godoro na kuanza kuizunguka nchi. Mzee huyo ni baba yangu. Nyumbani kwetu swali la nani awe katikati ya hadithi hiyo si la wahakiki peke yao.

Nianze na kitabu kwa kuwa ndicho kilichotangulia. Mwaka 2014 mwandishi wa habari wa Marekani, Jessica Bruder, alichapisha kwenye jarida la Harper's makala ndefu ambayo kichwa chake kilitangaza kwamba kustaafu kumefika mwisho. Mwaka 2017 kikatoka kitabu. Bruder alifuatana na watu wa miaka sitini na sabini waliohamia kwenye magari. Baadhi walikuwa na yale magari makubwa yenye jiko na choo; wengine walikuwa na vani za kawaida, na wengine gari dogo tu. Wengi walikuwa wamepoteza nyumba au akiba katika mtikisiko wa uchumi wa 2008, na malipo yao ya uzeeni hayakutosha kulipa pango. Kwa hiyo walifuata vibarua vya msimu: kuvuna viazisukari, kusafisha vyoo vya kambi za watalii, na kuelekea Krismasi kufungasha mizigo kwenye maghala ya Amazon, iliyokuwa na mpango maalumu wa kuwaajiri watu wa namna hii, CamperForce. Bruder anataja kwamba kwenye kuta za ghala kulikuwa na mashine za kutoa dawa za maumivu bure. Sijasoma maelezo ya kazi ya kibarua yaliyonigusa kuliko hayo. Mwajiri alijua mapema kuwa wazee wake wataumia, akaweka dawa, kisha kazi ikaendelea.

Kitovu cha kitabu ni Linda May, bibi wa miaka 64 anayevuta trela ndogo ya njano aliyoipa jina la Squeeze Inn, utani kuhusu kujibana. Kabla ya hapo aliishi kwa binti yake, kwenye nyumba ya kupanga ambayo haikuwa na nafasi ya kumtosha. Sasa kila senti anayoipata barabarani anaipigia hesabu moja: anataka ardhi, ajenge kwa mikono yake nyumba ya matairi yaliyoshindiliwa udongo, chupa na makopo, inayojitegemea kwa maji na umeme. Mwishoni mwa kitabu amepata ekari tano jangwani, karibu na mji wa Douglas, Arizona, mpakani na Mexico.

Ekari tano. Msomaji wa Tanzania anamjua mwanamke huyu. Ni jirani yako mwenye kiwanja, tofali zimeota majani, anasubiri fedha ya mabati. Kitabu kinachouzwa duniani kama hadithi ya kutangatanga, ukikisoma hadi mwisho, ni hadithi ya kujenga. Gari ni njia ya kufika kwenye kiwanja, nalo limeingia kwenye hadithi kwa sababu njia nyingine zote zimefungwa.

Filamu ya Chloé Zhao, iliyotoka 2020 na kushinda Oscar ya filamu bora mwaka uliofuata, inafanya jambo jingine. Inamtunga Fern, mjane aliyeigizwa na Frances McDormand, na kumpa kiti cha mbele. Fern anatoka Empire, Nevada, mji wa kweli wa kiwanda cha jasi uliofungwa mwaka 2011 hadi namba yake ya posta ikafutwa. Linda May yumo, anajiigiza mwenyewe, na nyumba yake ya matairi inatajwa, lakini inatajwa kama ndoto nzuri ya rafiki. Fern mwenyewe hataki kujenga. Dada yake anamkaribisha akae, anakataa. Mwanamume mwema aitwaye Dave anamkaribisha kwenye nyumba ya mwanawe yenye mifugo na mjukuu mchanga. Analala kidogo kitandani, anahamia garini, na alfajiri anaondoka bila kuaga. Ghala la Amazon limo pia, safi na tulivu. Mashine za dawa ukutani hazimo.

Zhao ana haki ya kumtunga amtakaye, na McDormand anaigiza vizuri sana. Tazama anavyounganisha kwa gundi sahani za marehemu baba yake baada ya Dave kuziangusha. Sehemu hiyo peke yake inatosha mtu kuitafuta filamu. Tatizo langu ni kwamba kitu ambacho kitabu kilikionyesha kama matokeo ya hesabu mbaya za pensheni, filamu imekigeuza kuwa tabia ya mtu. Fern anaonekana amezaliwa hivyo. Anayeitazama bila kusoma kitabu anaondoka na uchaguzi wa mambo mawili: nyumba au barabara, na barabara ni ya watu wenye jeraha fulani moyoni.

Hivyo ndivyo dada yangu mkubwa alivyoielewa. Aliitazama Mpanda, kwenye simu, akampigia baba usiku uleule. Alimwambia ameona mwisho wa mambo hayo: mtu mzima anajisaidia kwenye ndoo.

Ndoo ipo, ni kweli. Baba nilipokuwa namtafsiria ndiyo iliyomshughulisha zaidi: wanaoga wapi, maji wanayapata wapi, gari likiharibika polini nani anawavuta. Ni maswali ya mwalimu wa msingi aliyefundisha miaka mingi shule zisizo na bomba. Kisha ikafika sehemu ambayo Fern anakutana dukani na binti aliyewahi kumfundisha, na binti anamuuliza kama ni kweli hana makazi. Fern anamjibu kwa kutofautisha maneno mawili ya Kiingereza. Kumtafsiria baba ilikuwa kazi rahisi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu sisi tofauti hiyo tunayo tayari. Nikamwambia: anasema hana nyumba, lakini ana kwao.

"Kwao ni wapi?" akauliza.

Hilo ndilo swali ambalo filamu hailijibu. Kwa Kiingereza cha Fern, kwao ni kitu cha ndani, anaweza kukibeba garini pamoja na sahani. Kwa Kiswahili neno lenyewe lina watu ndani yake. Empire ya kwenye filamu haina watu tena, mume amekufa, dada amekataliwa. Ukilitafsiri jibu lake kwa uaminifu linakuwa la kusikitisha kuliko filamu inavyotaka liwe, na nadhani tafsiri ndiyo inayosema kweli.

Sasa kuhusu baba. Hali yake ni kinyume cha Linda May karibu kwa kila kitu. Nyumba anayo, ya tofali za kuchoma, ilimalizika kabla hajastaafu kwa sababu hivyo ndivyo mtumishi wa serikali anavyofundishwa kuishi: ukifika 60 bila paa lako, umeshindwa. Mstaafu mwema kwetu ni yule anayerudi shambani. Hata Waziri Mkuu mstaafu Mizengo Pinda, mtu wa huku kwetu Mpimbwe, alipotoka madarakani 2015 sifa aliyobaki nayo mitaani ni ya mkulima na mfuga nyuki. Hakuna picha ya mstaafu wa Kitanzania ndani ya gari la kulala. Magari hayo tunayaona kwa wageni: Land Cruiser zenye hema juu, wazungu wenye mvi wakitokea Sumbawanga kwenda Sitalike kutazama viboko wa Hifadhi ya Katavi. Baba amewahi kuongea nao. Mmoja alimwambia alikuwa fundi umeme. Nadhani mambo yote yalianzia hapo. Kama angekuwa tajiri, baba asingejilinganisha naye.

Kisha kuna fedha. Baba alistaafu 2023. Tarehe kama hiyo zamani haikuwa na maana, siku hizi ina maana kubwa. Mtumishi wa umma wa mfuko kama PSPF alikuwa akilipwa nusu ya mafao yake kwa mkupuo. Mwaka 2018 mifuko minne iliunganishwa kuwa PSSSF, kikokotoo kipya kikataka asilimia 25, wafanyakazi wakapiga kelele, na Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akakisitisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Bajeti ya 2024 ikapandisha hadi 40 kwa wale waliokuwa wakipata 50 zamani. Mjadala wote huo ulikuwa kuhusu kiasi gani mtu akabidhiwe kwa mara moja, na hofu iliyojificha chini yake ni ileile ya dada yangu: kwamba mzee akipewa fedha nyingi atafanya ujinga. Semina za wastaafu watarajiwa zinajaa hadithi za watu walionunua gari la abiria wakafilisika ndani ya mwaka. Noah ya baba haitabeba abiria wala haitaingiza shilingi, na kwa macho ya wanangu wa mama huo ni ujinga zaidi.

Lakini sikilizeni anachotaka. Ana daftari la shule, la kurasa 96, ameorodhesha sehemu. Kilwa Kisiwani. Michoro ya miambani ya Kondoa. Isimila, kwenye zana za mawe. Kalenga, kwenye fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954. Olduvai. Maporomoko ya Kalambo, ambayo yapo mkoa jirani na yana kimo cha zaidi ya mita 200. Yote aliyafundisha ubaoni kwa miaka 36 na hajaona hata moja. Si kwamba hakusafiri: alihamishwa Laela, Kirando, Inyonga, mwisho hapa. Kila safari ilikuja na barua yenye muhuri, na kila mara mizigo ilipanda lori mvua zikiwa zimeanza. Shaaban Robert, naye mtumishi wa serikali aliyehamishwa vituo, aliupa wasifu wake jina Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, na akafariki mwaka 1962 akiwa na miaka 53 tu. Siku hizi baada ya hamsini, hata baada ya sitini, inaweza kuwa miaka ishirini. Fasihi yetu haijasema mengi kuhusu miaka hiyo, na inaposema mzee amekaa kivulini anatoa nasaha.

Ndiyo maana nasema kitabu cha Bruder kinamfaa baba na filamu haimfai. Kitabu kinauliza nani anaweza kusafiri, kwa fedha ya nani, akiacha nini nyuma. Ukimuuliza baba hivyo ana majibu: pensheni ya mwezi ipo, nyumba haiuzwi, ataondoka wiki tatu na kurudi. Filamu inauliza kama una moyo wa barabarani, na swali hilo mtu mwenye nyumba na wajukuu hawezi kulijibu bila kuonekana anawakimbia.

Ila kuna mtazamaji mmoja aliyenivuruga uhakiki wangu. Mama alikaa nasi tangu mwanzo akichambua mchele, bila kuuliza tafsiri. Mama hana pensheni. Amelima mpunga maisha yake yote, hajawahi kuajiriwa, kwa hiyo hajawahi kustaafu na hatastaafu. Hakuna semina wala kikokotoo chake. Filamu ilipokwisha, Fern akitoka mlango wa nyuma wa nyumba yake tupu kuelekea jangwani, baba alisema huyu mama ana huzuni sana. Mama akasema hapana, huyu amepumzika.

Nimerudi kuitazama mara mbili kwa sababu ya maneno hayo, na lazima niipe filamu haki yake hapo. Wengi wa watu wake ni wanawake waliouguza, waliozika, waliopika miaka arobaini, na Zhao anawapa muda mrefu wa kukaa tu, bila mtu wa kuwaita. Kamera haina haraka nao. Bruder, mwenye hasira ya haki kuhusu mishahara na maghala, hana nafasi kubwa ya kuwaacha wakae hivyo. Mama hakuona umaskini wala jeraha. Aliona mwanamke anayekula saa aliyosikia njaa.

Bado sikubaliani na filamu kuhusu Linda May. Lakini mjadala wa nyumbani umehama. Hatuulizi tena kama mzee ameingiwa na nini. Tunauliza nani atakaa na kuku, kwa sababu mama ameshasema kiti cha mbele ni chake na kwamba Olduvai inaweza kusubiri, yeye anataka kuiona bahari. Dada anadai gari likaguliwe na fundi wa Mpanda kabla halijalipiwa. Na hakuna atakayeondoka kabla ya Juni, mpunga ukiwa umevunwa na kuuzwa, kwa kuwa mafuta ya kwenda Kilwa yatatoka humo.