Ufundi wa Kupima Mafuta ya Mwani

Mwaka 1959 Bligh na Dyer walichapisha, kutoka Halifax, Kanada, njia ya kutoa mafuta kwenye mnofu wa samaki. Mnofu huo ulikuwa na maji asilimia 80 na mafuta asilimia 1 hivi. Kwa gramu 100 za mnofu walitia mililita 100 za klorofomu na 200 za methanoli, na mililita 80 za maji yaliyomo ndani ya samaki mwenyewe wakazitia hesabuni. Ufundi wote uko hapo. Maji ya samaki yaliingia kwenye kipimo kama dawa nyingine yoyote, vyote vitatu vikachanganyika vikawa kimiminika kimoja. Kisha wakaongeza klorofomu 100 na maji 100, mchanganyiko ukajigawa, na klorofomu ikashuka chini na mafuta yake. Jambo linaonekana dogo, lakini aliyelifikiria alijua kila tone limetoka wapi.

Njia hiyo sasa hutajwa karibu kila panapopimwa mafuta ya mwani mdogo usioonekana kwa macho. Lakini mwani mara nyingi hufika maabara ukiwa unga mkavu, na mpimaji asiyeyarudisha yale maji hafuati Bligh na Dyer, hata akiwataja mara ngapi. Tena kuna suala la wingi. Mwani ulionyimwa nitrojeni waweza kujaza mafuta zaidi ya asilimia 30 ya uzito wake mkavu, ilhali mwaka 2001 Iverson na wenzake walionyesha kwamba hata kwa samaki, mafuta yakizidi asilimia 2, njia hii hupunja, na hupunja zaidi kadiri mafuta yanavyoongezeka. Folch na wenzake, mwaka 1957, walikuwa wakarimu zaidi: sehemu 20 za dawa kwa sehemu moja ya kinachopimwa. Ukarimu huo siku hizi huitwa ubadhirifu.

Hata dawa ikitosha, kinachobaki kwenye chupa baada ya klorofomu kukauka ni cha kijani. Humo mna klorofili na vingine visivyo mafuta, na mizani haibagui. Ndiyo maana wapimaji makini huchemsha mwani wenyewe katika methanoli yenye asidi, ili asidi za mafuta zigeuke kuwa esta za methili, wakazitoa kwa heksani na kuzitenganisha kwa kromatografia ya gesi, ufundi ambao James na Martin walianza kuutumia kwa asidi za mafuta mwaka 1952. Kabla ya kuchemsha hutia kipimo rejea: kiasi kinachojulikana cha esta ya asidi ya mafuta yenye kaboni 13, ambayo kwa kawaida mwani hauna. Kikipotea kitu njiani, nayo hupungua kwa uwiano huohuo. Hapa panahitajika jicho kali. Esta hiyo imeshakuwa esta tangu mwanzo, kwa hiyo hufidia heksani iliyomwagika au iliyovukia, lakini haiwezi kusema kama ule mgeuzo ulikamilika. Ni shahidi aliyepandia gari katikati ya safari. Anayejali huongeza mafuta halisi yenye asidi isiyo ya kawaida, yapite moto uleule.

Watasema klorofomu ni sumu na kazi hii ni ndefu, na kwamba rangi ya Nile Red huonyesha mafuta kwa dakika chache. Ni kweli, na kwa kuchuja aina mia za mwani ili kubakiza kumi, rangi yatosha. Lakini rangi lazima ipenye ukuta wa seli, na ukuta wa mwani wa Nannochloropsis si sawa na wa Chlorella. Kulinganisha mng'ao wa aina hizo mbili ni kubahatisha. Watasema pia kwamba mashine za leo hazikosei. Mashine hupima kilichoingizwa ndani yake. Sampuli iliyochemshwa nusu nayo hupata namba zake, zenye desimali mbili.

Kilichopotea zaidi katika makala za utafiti ni ile aya ya njia za kazi. Kiasi cha maji, muda wa kuchemsha, wakati wa kutia kipimo rejea, vyote vimefupishwa kuwa maneno machache: Bligh na Dyer, pamoja na marekebisho. Marekebisho yapi, hayatajwi. Asilimia za mafuta kutoka maabara mbili huwekwa safu moja kwenye jedwali, mwani wenyewe ulishatupwa zamani, na hakuna tena wa kuuliza yale maji yalirudishwa au la.