Ugumu si Ushupavu

Rasimu ya tafsiri tuliyoletewa, ihusuyo matumizi ya kompyuta katika kukadiria jinsi pua inavyohimili risasi, imeandikwa kwa lugha fasaha. Lakini imelitwisha neno "ugumu" mzigo wa sifa mbili. Ya kwanza ni kukataa kubonyezwa. Ya pili ni kupokea nishati ya pigo bila kupasuka. Mara nyingi sifa hizi hupingana: bamba gumu mno laweza kuvunja ncha ya risasi, kisha likapasuka lenyewe. Mhandisi asomaye rasimu hii atachagua bamba lipi?

Tofauti hiyo imo hata katika hesabu. Mlinganyo wa Johnson na Cook wa mwaka 1983 hukadiria jinsi metali inavyokataa kubadilika umbo, kwa kuzingatia kiasi na kasi ya badiliko hilo, pamoja na halijoto. Kuhusu kupasuka, waliandika mlinganyo mwingine mwaka 1985. Penye milinganyo miwili, istilahi moja haitoshi.

Tunapendekeza "ugumu" kwa sifa ya kwanza na "ushupavu" kwa ya pili. Aidha, "mfano wa kompyuta" uitwe "modeli", kwani mfano una kazi yake. Tunakaribisha maoni ya wasomaji.