Nani Alimuua Kapteni Alex?

Leo tumseme adui. Katika hadithi za mashujaa wa televisheni zilizotengenezwa kwa senti za kuokoteza, adui ndiye anayelipia tiketi. Shujaa kazi yake ni kuvaa nguo za kubana na kusimama wima. Adui ndiye anayecheka, anayehutubia na anayezungusha joho.

Chukua Batman ya Marekani, ile ya mwaka 1966 hadi 1968. Adam West anaongea taratibu kama mwalimu wa zamu. Lakini akitokea Joker, sebule nzima inaamka. Aliyemcheza ni Cesar Romero, aliyekataa kunyoa masharubu yake, basi wakampaka rangi nyeupe juu kwa juu na masharubu yanaonekana vilevile! Wahindi nao wana Shaktimaan, iliyorushwa kati ya 1997 na 2005. Mukesh Khanna anazunguka kama pia mpaka anapaa, na ukitazama unaona wazi kuwa ni ujanja wa kamera wa bei poa. Adui yake Kilvish, bwana wa giza, ananguruma mpaka unasahau habari ya kamera. Kwetu mwambao, ambako wazazi wetu walijazana Majestic na Novelty hapa Tanga kutazama picha za Kihindi, adui wa namna hiyo hahitaji kutambulishwa. Tunamjua kwa kicheko.

Sasa njoo Uganda. Mwaka 2010 Isaac Nabwana, mtu wa Wakaliga, Kampala, aliyewahi kufyatua matofali, alitoa filamu inayoitwa Who Killed Captain Alex? Gharama yake inatajwa kuwa chini ya dola 200. Bunduki ni za kuunda kwa mikono, helikopta ni ya kompyuta, na kompyuta yenyewe Nabwana aliiunganisha mwenyewe. Wapo wanaoitazama ili wacheke tu, na kweli inachekesha. Lakini mimi nimeitazama mara nyingi, kwenye simu na kwenye kibanda cha jirani kule Ngamiani, na nasema hii ni kazi ya mtu anayejua hadithi.

Kapteni Alex ni komandoo. Hana joho wala hapai, ila yule msimuliaji, VJ Emmie, anamkweza mpaka unaona jamaa si mtu wa kawaida. Sauti ya VJ imelala juu ya filamu yote. Anasifu, anatania, anawapigia kelele wahusika. Nakala ya kwanza isiyo na sauti yake haipo tena. Iliyobaki ndiyo hii. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video hatushangai. Bongo tulikuwa na Lufufu, aliyetia maneno ya Kiswahili kwenye picha za watu mpaka zikawa zetu. Hata hivyo VJ Emmie anazidisha. Mahali fulani mtu analia, ungetaka kumsikia, naye bado anapiga porojo. Hilo ni doa. Doa jingine ni wanawake: wanaitwa kupigiwa kelele au kutumwa, basi.

Adui ni Richard, mkuu wa genge la Tiger Mafia. Huyu ni adui wa jukwaani hasa. Anafoka, anatisha watu wake mwenyewe, na ndugu yake anapokamatwa na makomandoo anaapa kulipa kisasi. Kwa kanuni ya hadithi hizi, wewe mtazamaji unajua kinachofuata: Richard atamkabili Alex, watazungumza sana, kisha watapigana.

Haitokei. Richard anapanga Alex atekwe, lakini kabla mpango haujatimia Alex anakutwa ameshakufa. Hatuoni aliyemuua. Ndugu yake, Bruce U, mpiganaji wa kung-fu, anakuja kutafuta muuaji. Watu wanapigana, Kampala inalipuliwa kwa helikopta, jeshi linamwagika, lakini jibu halitolewi. Jina la filamu ni swali, na filamu inaisha swali likiwa palepale.

Wengi wanasema Nabwana alisahau. Mimi sitaki kumsemea moyoni. Nasema kilichopo mbele yetu: yule aliyepiga kelele zote hakuua, na aliyeua hakupiga kelele hata moja. Batman haikuthubutu kufanya hivyo. Shaktimaan pia. Kule mtoto anakwenda kulala akijua ubaya una sura, una jina, na utatangaza saa ya kufika. Huku analala na swali.

Kwa nini jambo hili linanigusa mimi kijana wa Tanga? Kwa sababu tunaishi juu ya swali la namna hiyo. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha karibu tani 230,000 za mkonge, na Tanga ndiyo ilikuwa moyo wake. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 hazikufika hata tani 40,000. Nani aliuua mkonge? Wazee ukiwauliza, mmoja anasema kamba za plastiki za Ulaya, wa pili anasema bei ya dunia, wa tatu anasema mashamba yalipotaifishwa mwaka 1967 yakakosa usimamizi. Wote wana hoja. Lakini hakuna aliyesimama juu ya korona akazungusha joho na kucheka. Ingekuwa nafuu angekuwepo! Tungejua pa kupeleka hasira.

Naandika riwaya ya shamba la mkonge, na huu ndio mtihani wangu. Kishawishi ni kumweka meneja mwenye sigara nene, acheke, ahutubie, kisha afe ukurasa wa mwisho. Wasomaji watapiga makofi. Lakini meneja huyo akibeba lawama zote, nitakuwa nimewaficha wengine wote nyuma ya mgongo wake.

Msidhani napinga adui wa kelele. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, hapahapa Tanga, alimweka katika Kusadikika mwaka 1951. Waziri Majivuno anamshitaki Karama kwa mbwembwe zote, na jina lake tu limeshamsema. Lakini Karama anapojitetea, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na mema, wakaadhibiwa. Dhuluma ile ilianza kabla ya kesi ya Majivuno. Yeye ni mdomo wake tu. Babu yetu alijua kumpa adui jukwaa bila kumpa hatia yote.

Hapo ndipo namweka Nabwana pia, pamoja na madoa yake. Richard anatupa raha, na raha si dhambi. Mtu aliyeshinda bandarini tangu alfajiri ana haki ya kuona mwovu akipigwa. Ila katikati ya raha hiyo maiti imelala hemani, na hakuna anayejibu kwa ajili yake.

Basi wenzangu mnaoandika, itazameni, iko YouTube bure. Kisha leteni barua tuzichape toleo lijalo: nani alimuua Kapteni Alex? Atakayejibu kuwa ni Richard, aitazame tena.