Sifa za Ualimu wa Nyumbani

Ualimu wa nyumbani ni ufundi uliokosa wa kuusifu, kwa kuwa aufanyaye huwa ana ufagio mkononi na chungu motoni, na watu wamezoea kumwita fundi yule tu mwenye karakana. Nimekaa miaka mingi hapa Isiolo, mtaa wa Bulla Pesa, katika nyumba ambayo meza ya chakula ndiyo meza ya hati na hesabu; na kadiri nilivyowatazama mama na nyanya wa mji huu wakiwafunza watoto wao, ndivyo nilivyozidi kusadiki kwamba kazi hii ina kanuni zake, zana zake na mastadi wake, na kwamba yastahili kutajwa kwa heshima.

Mji wenyewe ni shahidi. Miongoni mwa waliouanzisha walikuwamo Wasomali wa ukoo wa Isaaq, askari waliowatumikia Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, ambao baada ya vita walipewa ruhusa ya kukaa hapa pamoja na mifugo yao. Walikuja na watoto, na watoto wakaja na mbao zao za kuandikia, kwa maana dugsi ya Wasomali ni chuo kinachoweza kuhama pamoja na ngamia: ubao mmoja, kalamu ya kijiti, wino wa masizi ya mkaa, na mwalimu aketiye kivulini. Somo la kwanza la dugsi hiyo hunasibishwa na Sheikh Yusuf al-Kowneyn, ambaye kaburi lake liko Aw Barkhadle, karibu na Hargeysa. Yeye aliona kwamba mtoto wa mchungaji hawezi kushika irabu za fatha, kasra na dhuma kwa istilahi za Kiarabu asizozijua, basi akazieleza alama hizo kwa maneno ya Kisomali ambayo mtoto alikuwa nayo tayari kinywani. Karne nyingi zimepita, na njia hiyo ingali hai. Nani awezaye kusema kwamba huo si ufundi? Kuanzia pale mtoto alipo, wala si pale mwalimu alipo, ndiyo kanuni ya kwanza, na nyumbani ndipo mahali palipo pepesi kuitimiza, kwa sababu mzazi hahitaji kuuliza mwanawe anajua nini: amekula naye, amelala naye chini ya dari moja, amemsikia akinong'ona na nduguze.

Kanuni ya pili ni ngumu zaidi, nayo ni kunyamaza. Jirani yangu mmoja ni katika wanawake wanaokusanya maziwa ya ngamia yafikayo mjini kutoka malishoni, wakayatia katika madumu ya lita 20 na kuyapakia basi kwenda Eastleigh, Nairobi. Asubuhi moja nilimkuta akichuja maziwa kwa kitambaa cheupe, na mwanawe wa miaka tisa kachutama kando ya dumu lenye utepe mwekundu mpinini. Maziwa ya dumu hilo yalikuwa ya wanawake watatu: mmoja lita 7, mmoja lita 8, mmoja lita 5, na nauli yake ilikuwa shilingi 100.

"Mama, si kila mtu alipe sawa?" akauliza mtoto.

"Mwenye lita 8 na mwenye lita 5, mwanangu, wako sawa?"

Hakuongeza neno. Mtoto akachukua mfuko wa unga uliokwisha, akaugeuza, akapiga vistari 20 kwa kalamu ya risasi, kisha akaanza kugawa shilingi juu ya vistari, akakosea, akafuta kwa mate, akaanza tena, hata akagundua kwamba kila kistari huchukua shilingi 5. Mwanamke yule alikuwa amekwisha kuchuja dumu la pili, na gari lilikuwa karibu kuondoka, na jibu alikuwa nalo tangu mwanzo. Walakini aliuzuia ulimi wake mpaka mtoto mwenyewe akatamka: 35, 40 na 25. Mimi nahesabu subira ile katika kazi bora za mikono ya binadamu nilizopata kuziona.

Sisemi haya ili kuishusha shule. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imemwajibisha kila mzazi kumpeleka mtoto wake shuleni, nami naiona ni sheria ya haki, hasa katika nchi yetu hii kavu ambamo wasichana wengi walinyimwa kitabu kwa kisingizio cha mbuzi na ndoa. Lakini Machi 2020, maradhi ya korona yalipoifunga milango ya shule, na watoto walio wengi wasirudi madarasani mpaka Januari 2021, ilidhihirika kwamba vipindi vya redio havitoshi mahali ambapo hapana mtu wa kukaa karibu na mtoto akamwuliza amesikia nini. Nyumba zilizokuwa na mtu huyo zilivuka; hata ikiwa mtu mwenyewe hakujua kusoma, alijua kusikiliza.

Wazazi wa lugha hii ya Kiswahili wamekuwa mastadi tangu zamani. Mwana Kupona binti Mshamu, alipokuwa mgonjwa katika mwaka 1858, alimtungia binti yake utendi wa nasaha. Na Shaaban Robert naye aliwaandikia wanawe tenzi za Hati na Adili. Wote wawili waliwafundisha watoto waliowajua kwa majina, na ndiyo sababu maneno yao yakawafaa hata wasiowajua.

Mtoto yule wa maziwa sasa humfundisha mdogo wake. Ana papara, hutoa jibu kabla ya swali kutua, na mama yake humwita pembeni akamkanya kwa upole kwamba amemnyang'anya mwenziwe kazi. Naye hurudi, akaketi, akapanga upya vifuniko vya chupa sakafuni, akamwambia mdogo wake ahesabu tangu mwanzo.