Heko kwa Wadadisi

Tangu 1999, Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni, huwauliza Waafrika serikali ishughulikie nini kwanza: maji, barabara, ajira au afya. Wanaobeba mzigo huo ni wadadisi, nami nawapa heko kwa moyo wote. Mdadisi akishapiga hodi, hamhoji aliyekaa barazani kwa kuwa tu yupo. Nyumba hii ni zamu ya wanawake, inayofuata ya wanaume. Huorodhesha watu wazima wa jinsia hiyo, kisha mmoja huchaguliwa kwa bahati nasibu. Ikimwangukia mama aliyeko shambani, hurudi baadaye, akamhoji kwa lugha anayoichagua mwenyewe. Huo ni uadilifu hasa! Asiyewahi kusimama mkutanoni anahesabiwa sawa na mwenyekiti. Waheshimiwa madiwani, yasomeni majibu hayo kabla ya kupitisha bajeti.