Gradi, Digrii na Miraba ya Madini: Uchambuzi wa Ubadilishaji wa Pembe Kolwezi

Katika migodi ya shaba na kobalti inayozunguka Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba lililoundwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa, pembe hupimwa na kuandikwa kwa mifumo miwili ambayo mara nyingi hukutana katika faili moja. Mfumo wa digrii huligawa duara katika sehemu 360, kila digrii ikiwa na dakika 60 na kila dakika ikiwa na sekunde 60, ilhali mfumo wa gradi huligawa duara hilohilo katika sehemu 400, hivyo kwamba pembe mraba huwa na gradi 100 kamili na kila gradi huendelea kugawanywa kwa kumi, bila dakika wala sekunde za mfumo wa digrii.

Gradi ni zao la mageuzi ya vipimo yaliyofanyika Ufaransa katika miaka ya 1790, wakati mita ilipofafanuliwa kuwa sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka Ikweta hadi Ncha ya Kaskazini. Kwa kuwa umbali huo ni robo ya duara la dunia, yaani gradi 100, gradi moja juu ya uso wa dunia ilikusudiwa kuwa sawa na kilomita 100, na pembe na urefu vikahesabiwa kwa makumi yaleyale. Wapimaji waliofunzwa kwa desturi ya Ubelgiji na Ufaransa waliuzoea mfumo huo, na watengenezaji wa tiodolita, yaani darubini ya kupimia pembe, walihudumia pande zote mbili: Wild T2 ya Uswisi, kwa mfano, ilitolewa ikiwa na duara la 360 au la 400.

Hata hivyo, sheria ya madini ya Kongo imesimama upande wa digrii. Sheria ya tarehe 11 Julai 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, hutoa haki za uchimbaji kwa miraba, ambayo pande zake hufuata mistari ya latitudo na longitudo kwa hatua za sekunde 30, na eneo la kila mraba limetajwa kuwa hekta 84.955. Kwa hiyo mpimaji anayesoma gradi shimoni hulazimika kuwasilisha digrii, dakika na sekunde kwa Kadasta ya Madini, ofisi inayotunza ramani ya haki hizo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, kwa sababu gradi moja ni digrii 0.9. Gradi 137.2460 zikizidishwa kwa 0.9 hutoa digrii 123.5214, sehemu ya desimali, 0.5214, huzidishwa kwa 60 na kutoa dakika 31.284, kisha 0.284 huzidishwa tena kwa 60 na kutoa sekunde 17, hivyo jibu ni digrii 123, dakika 31, sekunde 17. Kosa huzaliwa pale mtu anaposoma tarakimu zilizo baada ya nukta kana kwamba tayari ni dakika na sekunde, akaandika digrii 123, dakika 52, sekunde 14. Tofauti ya takriban dakika 21 yaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwa umbali wa mita 500 huisogeza alama kando kwa mita tatu hivi.

Mkanganyiko huohuo ukiingia katika latitudo, madhara yake hupimwa kwa kilomita. Kolwezi iko takriban digrii 10 na dakika 43 kusini mwa Ikweta. Latitudo hiyo ikiandikwa 10.43 na mpokeaji akaielewa kuwa desimali, atapata digrii 10, dakika 25, sekunde 48, na eneo linaloombwa litahamia kaskazini kwa miraba zaidi ya 34, ambayo ni karibu kilomita 32.

Wenye bunduki za shabaha hukabili hesabu ya aina hiyohiyo. Darubini zao hurekebishwa ama kwa dakika za pembe, ambapo dakika moja ni sentimita 2.91 kwa mita 100, ama kwa miliradiani, ambapo sehemu moja ya kumi ya miliradiani ni sentimita 1 kwa umbali huo. Miliradiani moja ni dakika 3.44, kwa hiyo anayesoma kipimo kwa mfumo mmoja na kuzungusha kitasa cha mfumo mwingine hufanya marekebisho yaliyo zaidi ya mara tatu, au chini ya theluthi moja, ya yale aliyokusudia. Lakini mpiga shabaha huona tundu la risasi papo hapo na kujisahihisha, fursa ambayo mpimaji wa mgodi hana.

Juu ya ardhi, mpimaji hulindwa na kanuni ya kufunga umbo: pembe tatu za pembetatu lazima zijumlishwe kuwa gradi 200 au digrii 180, na pembe moja iliyobadilishwa vibaya hujitangaza. Katika mgodi wa chini kwa chini kama Kamoto, handaki linalosonga mbele halina upande wa pili wa kurudia. Kila kituo hupimwa kutoka kilichotangulia, na kosa la kituo kimoja hurithiwa na vyote vinavyofuata hadi handaki likutane, au lishindwe kukutana, na lile linalochimbwa kutoka upande mwingine.

Kutokana na hayo, utaratibu ulio salama ni kuviacha vipimo vya uwanjani katika mfumo wa chombo kilichovisoma, kuvibadilisha mara moja tu mwishoni mwa hesabu, kuandika jina la kipimo kando ya kila tarakimu, na kumpa mtu wa pili jibu alirudishe kwenye gradi bila kuonyeshwa namba ya mwanzo. Mgodi unaokubali namba ya pembe isiyo na jina la kipimo chake haujapata kipimo, hata kama tarakimu zake zimefika nafasi ya nne ya desimali.